Magari ya zamani yako makumbushoni, lakini matairi yake yako wapi?

Mtu akiingia katika jumba la makumbusho ya magari ya zamani, macho yake yanakimbilia kwanza taa za shaba, kisha viti vya ngozi, kisha injini. Wachache wanainama kuangalia chini, pale gari linapogusa sakafu. Hata karatasi za maelezo zinafanya vile vile. Zinataja jina la mtengenezaji, mwaka, nguvu ya injini na mwendo. Tairi halina nafasi kubwa katika maelezo hayo.

Kwa Mkongomani, historia ya gari inaanzia hapo chini.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa makumbusho wanalijua vizuri. Katika gari lenye umri wa miaka 100 na zaidi, vitu vingi vinaweza kubaki vile vile vilivyotoka kiwandani. Chuma kinasuguliwa kutu. Mbao zinapakwa mafuta. Shaba inang'arishwa. Lakini mpira hauna dawa. Unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka, mwishoni unavunjika kama mkate wa juzi. Kwa sababu hiyo gari la mwaka 1900 likionyeshwa leo likiwa linaweza kutembea, matairi yake ni mapya. Yametengenezwa kwa mfano wa yale ya zamani, lakini si yenyewe.

Kipande cha gari kilichobeba jasho la mababu wa Kongo ndicho kisichohifadhika. Jambo hilo linastahili kufuatwa, nyumba moja ya makumbusho baada ya nyingine.

Brussels: magari kando ya tao

Nyumba ya kwanza ni Autoworld, katika mji wa Brussels, Ubelgiji. Ilifunguliwa mwaka 1986 ndani ya ukumbi mkubwa wenye paa la chuma na vioo, katika bustani inayoitwa Cinquantenaire. Mwanzoni mwa karne ya 20, kumbi za bustani hiyo zilikuwa mahali pa maonyesho ya magari mapya. Sehemu kubwa ya magari yanayoonekana leo ilitoka kwa mtu mmoja wa mji wa Ghent, Ghislain Mahy. Alianza kukusanya magari wakati wa vita vya pili vya dunia, akaendelea mpaka akawa na mamia.

Humo mgeni anajifunza jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: Ubelgiji uliwahi kutengeneza magari yake wenyewe, tena ya kifahari. Kiwanda cha Minerva cha Antwerp kilianza na baiskeli, kikaendelea na pikipiki, kisha kikatoa magari yaliyonunuliwa na matajiri na watu wa majumba ya kifalme. Kiwanda cha FN cha Herstal, kinachojulikana zaidi kwa bunduki, nacho kiliunda magari na pikipiki.

Akitoka nje, mgeni anajikuta mbele ya tao kubwa la mawe lenye milango mitatu, na juu yake farasi wa shaba wakivuta gari la vita. Tao hilo lilimalizika mwaka 1905, Ubelgiji ukisherehekea miaka 75 ya uhuru wake. Mchoro ulikuwa wa Mfaransa Charles Girault. Serikali ya Ubelgiji haikuwa tayari kulipia kazi hiyo kubwa. Aliyetafuta pesa ni Mfalme Leopold II, na mfuko wake ulijulikana. Tangu 1885 mpaka 1908, Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme huyo peke yake, na ilimletea utajiri wa pembe za tembo na wa mpira.

Hata wakati ule walikuwapo Wabelgiji waliosema wazi. Mbunge msoshalisti Émile Vandervelde alionya kwamba siku moja matao ya mfalme yataitwa matao ya mikono iliyokatwa. Katika bustani hiyo hiyo kuna mnara wa kuwasifu Wabelgiji waliotangulia kwenda Kongo, uliozinduliwa mwaka 1921.

Hivi ndivyo vitu viwili vinavyosimama karibu karibu: tao lililolipiwa na mali ya Kongo, na jumba la magari ambayo bila mpira yasingeweza kwenda mbali. Mtalii anaweza kupiga picha ya tao asubuhi, akaingia kuona magari mchana, asijue kwamba ni habari moja.

Namna gari lilivyohitaji msitu

Gari la kwanza la petroli linalotambuliwa na wengi ni la Mjerumani Carl Benz. Alipata hati yake tarehe 29 Januari 1886. Lilikuwa na magurudumu matatu yenye nyaya kama ya baiskeli, yaliyozungushiwa mpira mgumu usio na hewa. Miaka miwili baadaye, mke wake Bertha alilichukua pamoja na watoto wao wawili, bila kumwaga mumewe, akasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Ni safari iliyowaonyesha watu kwamba chombo hicho si mchezo wa kuzunguka uani.

Mwaka huo huo wa 1888, mganga wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hati ya tairi lenye hewa ndani. Alikuwa amelibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Baiskeli zikaanza kuuzwa kwa wingi kwa sababu sasa ziliweza kupandwa bila kuumiza mgongo. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris na gari lenye matairi ya hewa. Matairi yalipasuka mara nyingi njiani, lakini wazo lilikuwa limekubalika. Tangu hapo kila gari lilitaka matairi manne ya hewa, na kila tairi likiisha lilitaka jingine.

Mpira ulitoka wapi? Wakati huo ulitoka hasa kwenye misitu, si kwenye mashamba. Amazoni ya Brazili ilikuwa na mti wake. Mbegu za mti huo zilipelekwa Uingereza mwaka 1876, kutoka huko zikaenda Asia, lakini mashamba ya Asia yalikuwa bado hayajaanza kutoa mpira wa kutosha. Mti wa mpira unahitaji miaka kadhaa kabla ya kugemwa. Leopold II alijua kwamba ana muda mfupi. Mashamba ya Asia yakikomaa, bei itaanguka. Kwa hiyo mpira wa Kongo ulitakiwa utoke haraka na kwa wingi, kabla soko halijafungwa. Haraka hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya ukatili uliofuata.

Kongo haikuwa na mashamba ya kugemwa. Ilikuwa na mtambaazi wa porini unaozunguka miti mirefu. Mtu alipaswa kuingia msituni siku nyingi, kuupanda mti, kuukata mtambaazi na kuyakinga maji yake meupe. Wengine waliyapaka mwilini, kwenye mikono na kifua, yakauke hapo, kisha wayabandue pamoja na nywele. Mitambaazi ya karibu na kijiji ilipokwisha, watu walikwenda mbali zaidi, wakalala msituni kwenye mvua na wanyama. Mashamba yao ya muhogo na ndizi yakabaki bila mkono wa kuyalima.

Kila mwanaume aliwekewa kipimo. Katika sehemu nyingi kilikuwa kilo tatu au nne za mpira mkavu kila majuma mawili. Ili wanaume wasitoroke, askari wa Force Publique au walinzi wa makampuni waliwakamata wake zao na kuwafungia mpaka mpira ulete hesabu kamili. Kijiji kilichokataa kilichomwa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea kwa kuwinda nyama, na mkono uliokatwa ukawa ndio ushahidi. Mateso hayo yalikuwa makali zaidi katika Equateur, Mongala na kandokando ya Ziwa Mai-Ndombe, yakafika pia Kasai na Uele. Watu waliiita serikali ile Bula Matari, mvunja mawe.

Hesabu za mpira zinaeleza zenyewe. Mwaka 1890 Kongo ilipeleka nje karibu tani 100. Mwaka 1901 zilikuwa tani 6.000. Sehemu kubwa iliteremshwa katika bandari ya Antwerp, mji ule ule wa Minerva.

Ukweli ulitoka nje kwa sababu kulikuwa na watu waliosimulia na watu waliosikiliza. Konsuli wa Uingereza Roger Casement alipanda mto, akawahoji wanavijiji, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1904. Mwaka huo huo, baba mmoja aliyeitwa Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwa wamisionari akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi, akitazama vipande vile. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani. Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa dola la Ubelgiji.

Kiwandani Ulaya, mpira wa Amazoni na mpira wa Kongo ulikatwakatwa, ukaoshwa, ukachanganywa na salfa na kupashwa moto. Ukishapita hapo, mpira hauna kwao tena. Unakuwa tairi tu, lenye jina la kiwanda.

Compiègne: yule asiyeridhika kamwe

Nyumba ya pili iko Ufaransa, kaskazini mwa Paris, ndani ya jumba la kifalme la Compiègne. Ni makumbusho ya taifa ya magari, yaliyoanzishwa mwaka 1927. Moja kati ya vitu vyake maarufu kabisa ni gari lenye umbo la risasi kubwa, lililolazwa juu ya magurudumu manne madogo. Jina lake ni La Jamais Contente, maana yake yule asiyeridhika kamwe.

Aliyeliendesha alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, alifikia mwendo wa kilomita 105,88 kwa saa. Lilikuwa gari la kwanza la barabarani kupita kilomita 100 kwa saa, na halikutumia petroli wala mvuke. Lilitumia umeme wa betri. Wanaofikiri kwamba gari la umeme ni uvumbuzi wa jana wanashangaa sana wakisimama mbele yake.

Chini yake lilikuwa na matairi ya Michelin. Naye Jenatzy alitoka katika ukoo wa mpira: baba yake, Constant Jenatzy, alikuwa na kiwanda cha bidhaa za mpira mjini Brussels. Mwaka 1899 kazi ya mpira katika misitu ya Kongo ilikuwa imekwisha kupamba moto. Mbio za Achères na mbio za wanaume waliokuwa wakikimbiza kipimo cha kilo zao zilikuwa za mwaka mmoja.

Katika makumbusho hayo hayo kuna gari jingine linalowahusu Wakongomani kwa njia nyingine. Ni gari la Citroën lenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, mtindo uliobuniwa na Adolphe Kégresse. Magari manane ya aina hiyo yaliondoka Algeria mwezi wa Oktoba 1924, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yakavuka Sahara, yakapita Kongo ya Wabelgiji na kufika Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla ya kuelekea Kampala. Pale waligawanyika vikundi vinne na kushuka kwenda Bahari ya Hindi. Filamu na picha za safari hiyo zilitangazwa sana. Zinaonyesha magari yakishinda mchanga na matope. Waliofyeka njia katika misitu, waliotengeneza madaraja ya magogo na waliobeba mizigo wanaonekana nyuma, bila majina.

Trekta zilizorudi kwenye chuma

Kuna makumbusho ambako magari na trekta vinakaa chini ya paa moja. Mojawapo iko Uhldingen-Mühlhofen, Ujerumani, karibu na Ziwa Bodensee. Huko mgeni aliyekulia vilimani, mwenye kujua jembe tangu utoto, anasahau magari ya kifahari na kubaki kwenye mashine za shamba.

Lanz Bulldog ya Ujerumani, iliyotolewa mwaka 1921, inawafurahisha zaidi mafundi. Injini yake ilikuwa na silinda moja tu na iliweza kuchoma mafuta mazito ya bei ya chini. Kuiwasha ilikuwa kazi. Dereva aliipasha kichwa chake moto kwa taa ya kandili ya mafuta mpaka kiive, kisha katika aina nyingi alichomoa usukani, akauchomeka ubavuni, na kuuzungusha kama mpini mpaka injini inguruma. Halafu akaurudisha usukani mahali pake, akaenda kulima.

Wakulima wa bustani nao hawakusahauliwa. Marekani, katika jimbo la West Virginia, mpiga picha mmoja aliyeitwa Benjamin Gravely alichoka kupalilia bustani yake kwa mkono. Alichukua vipande vya pikipiki ya Indian, akavifunga kwenye jembe la kusukuma, na mwaka 1916 akapata hati ya plau yenye injini. Mtu anatembea nyuma yake akiishika mikono miwili, kama anavyoshika toroli. Uzao wake ni zile trekta ndogo za bustani zinazoonekana leo katika mashamba ya mboga pande nyingi za dunia. Kwa mwenye shamba dogo, hiyo ndiyo mashine ya kutamaniwa. Haihitaji hekta 50, inahitaji tu njia ya kupita kati ya matuta.

Trekta za kwanza zilikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno. Yalishika udongo vizuri, lakini yaliharibu barabara na kumtikisa dereva mpaka mifupa. Mwaka 1932 kampuni ya Marekani ya Allis-Chalmers, pamoja na Firestone, ilitoa trekta yenye matairi ya hewa. Wakulima walicheka kwanza, wakisema mpira utachanika shambani. Kampuni ikaanza kuzishindanisha trekta zake katika viwanja vya mbio, mbele ya umati, na watu wakaamini. Baada ya miaka michache trekta mpya nyingi za Marekani zilikuwa juu ya mpira.

Halafu, katika mstari huo wa trekta, mgeni makini anaona jambo la ajabu. Trekta ya 1938 ina matairi. Ya 1940 ina matairi. Ya 1943 imerudi kwenye chuma. Maelezo yanasema: vita, mpira haukupatikana. Mwanzoni mwa 1942 Japani ilikuwa imekamata Malaya na visiwa vya Waholanzi, ambako ulitoka mpira karibu wote wa dunia. Kilichobaki kilikwenda kwenye ndege na magari ya jeshi.

Maelezo yanaishia hapo, lakini habari haikuishia hapo. Nchi za Magharibi zilipokosa mpira wa Asia, ziliukumbuka msitu wa Kongo. Mwaka 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa kukata mitambaazi ile ile ambayo baba zao waliikimbia. Chakula, pamba, mawese, bati, shaba: vyote vilitakiwa viongezwe pamoja. Wazee waliozaliwa miaka ile walikua wakisikia habari za mpira wa vita. Wazazi wao walikuwa wamesikia habari za mpira wa Bula Matari. Vizazi viwili, msitu mmoja.

Kwa hiyo gurudumu la chuma la trekta ya 1943, lililolala kimya makumbushoni, ni ukurasa wa historia ya Kongo pia.

Mulhouse: wafanyakazi walipoingia makumbushoni

Nyumba ya mwisho inaonyesha kwamba hadithi ya makumbusho inaweza kubadilishwa na wale walioachwa nje. Iko Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa.

Ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, walikuwa na viwanda vya kusokota nyuzi za sufu, makao makuu yakiwa Malmerspach. Fritz alipenda magari kupita kiasi, hasa Bugatti, yaliyotengenezwa Molsheim, si mbali na pale. Alinunua kimya kimya. Mwaka 1964 alinunua kwa mara moja Bugatti 30 za Mmarekani John Shakespeare, zikasafirishwa mpaka Ufaransa. Katika jengo la kiwanda cha zamani mjini Mulhouse alijenga makumbusho ya siri, yenye njia za changarawe na mamia ya nguzo za taa zilizonakiliwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris. Ndani mlikuwa na magari zaidi ya 400, zaidi ya 100 yakiwa Bugatti. Mawili kati yake ni Bugatti Royale, gari lililotengenezwa mara sita tu duniani, lenye injini ya lita karibu 13.

Wakati magari yakiongezeka, biashara ya sufu ilikuwa inakufa. Mwaka 1976 viwanda vilianguka, wafanyakazi wakabaki bila kazi, na ndugu wale wakakimbilia Basel, Uswisi. Mwezi wa Machi 1977 wafanyakazi walivunja mlango wa lile jengo. Walichokikuta kiliwaacha midomo wazi: mstari baada ya mstari wa magari yanayong'aa, huku wao wakiwa wameambiwa pesa hakuna.

Hawakuyachoma jengo na magari yake. Walikaa humo miaka miwili, wakaliita makumbusho ya wafanyakazi, na kuwafungulia watu milango. Waliwaeleza wageni wenyewe: haya ndiyo magari, na hii ndiyo mishahara iliyoyanunua. Mwaka 1978 serikali iliuweka mkusanyiko huo chini ya ulinzi wa sheria ili usitawanywe na kuuzwa vipande vipande nje ya nchi. Mwaka 1981 uliuzwa kwa chama kilichoundwa na mamlaka za mji, mkoa na wenzao, na mwaka 1982 ukafunguliwa rasmi. Leo ni makumbusho ya taifa ya magari ya Ufaransa.

Wafanyakazi wale hawakupata utajiri. Lakini habari ya Mulhouse haiwezi tena kusimuliwa bila wao. Walikuwapo mahali magari yalipo, wakasema kwa midomo yao kabla wengine hawajasema kwa niaba yao.

Chukudu na mpira wake

Goma nayo ina kumbukumbu ya chombo cha usafiri, tena iko wazi kwa kila mpita njia: sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara. Chukudu halisi ni la mbao. Limechongwa kwa panga na patasi, halina injini, linabeba viazi, makaa, mbao na maji. Katika miaka ya vita limebeba pia magodoro, masufuria, wazee na watoto, wakati familia zilipokimbia kutoka Masisi, Rutshuru au Nyiragongo.

Mtu akiinama kuangalia magurudumu yake, atakuta ukanda wa mpira uliopigiliwa misumari kuzunguka mbao. Ni kipande cha tairi kuukuu la gari. Tairi lililochoka huko kwingine limemaliza maisha yake hapa, chini ya mzigo wa mtu anayekimbia.

Na mambo hayajaisha. Gari la umeme, mjukuu wa lile la Jenatzy, limerudi barabarani. Betri nyingi za magari hayo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Vifaa vidogo vya umeme ndani ya magari na simu vinahitaji tantalamu inayotoka katika koltani, na jina la Rubaya linajulikana vizuri na wengi waliokimbia Masisi. Baada ya miaka 100, magari ya leo nayo yatawekwa kwenye sakafu inayong'aa, chini ya taa nzuri. Karatasi ya maelezo itataja mtengenezaji, mwaka, nguvu na mwendo. Betri yake itakuwa imekufa zamani na kubadilishwa au kuondolewa, kama matairi ya babu yake.

Familia iliyohama mara tatu au nne haina nafasi ya kubeba vitu vya kumbukumbu. Picha zinabaki ndani ya nyumba iliyochomwa, vyeti vinalowa mvua, jembe la babu linaachwa shambani. Kinachohama na watu ni maneno. Habari za Nsala zilifika duniani kwa sababu alitembea mpaka kwa mtu wa kumsikiliza, akasema kilichompata.

Katika kambi, katika familia zilizopokea wageni na katika vijiji ambako watu wamerudi, bado wapo wazee waliosikia habari za mpira wa vita kutoka kwa wazazi wao. Wapo wanaojua ni nani aliyechukuliwa kwa kazi ya barabara, alipelekwa wapi, alirudi au hakurudi. Mjukuu mwenye simu anaweza kurekodi sauti ya bibi yake jioni moja, kwa lugha ya nyumbani, kwa maswali ya kawaida: kijiji kiliitwaje, mzigo ulikuwa nini, nani aliupokea, nani hakurudi. Mwenye daftari la shule anaweza kuandika majina.

Kazi hiyo haihitaji jumba lenye paa la vioo. Inahitaji ifanyike wazee hao wakiwa bado hai.